Reli ya BAM, kutoka Tayshet hadi Sovetskaya Gavan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kurasa nyingi za Kiswahili zinazotaja reli za Siberia huishia kwenye Trans-Siberia, ile ya Moscow hadi Vladivostok. Huu unahusu ile nyingine, iliyo kaskazini zaidi, inayokatiza misitu na milima ambako kijiji na kijiji hutenganishwa na mwendo wa saa nzima. Jambo moja ulishike tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo linaloeleza karibu kila jibu hapa chini: BAM ilijengwa kwa ajili ya mizigo na ulinzi wa nchi. Abiria hupitishwa katikati ya mizigo hiyo. Ukilielewa hilo, ratiba zake, ucheleweshaji wake na hata mahali treni inaposimama havitakushangaza.

## Misingi

1. BAM ni reli gani, na inapita wapi?

BAM ni kifupi cha jina la Kirusi la njia kuu ya Baikal hadi Amur. Inaanzia Tayshet, mjini ambako inachepuka kutoka Trans-Siberia, na kuishia Sovetskaya Gavan kwenye pwani ya Pasifiki. Urefu wake ni takriban kilomita 4,300. TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina kilomita 1,860, kwa hiyo BAM inaizidi zaidi ya mara mbili.

Stesheni za kukumbuka, kutoka magharibi kwenda mashariki, ni Tayshet, Bratsk, Lena (iliyo katika mji wa Ust-Kut), Severobaikalsk, Taksimo, Kuanda, Novaya Chara, Tynda, Fevralsk, Novy Urgal, Komsomolsk-na-Amure, Vanino na Sovetskaya Gavan. Mito mikubwa inayovukwa ni Angara, Lena, Vitim, Olyokma, Zeya, Bureya na Amur. Angara huvukwa Bratsk juu ya ukuta wa bwawa la umeme, reli ikipita juu kabisa ya bwawa.

Upana wa reli ni milimita 1,520, kama sehemu kubwa ya Urusi. SGR ya Kenya na Tanzania ni 1,435, na TAZARA ni 1,067.

2. Je, ni sehemu ya Trans-Siberia?

Hapana. Trans-Siberia iko kusini, karibu na mipaka ya Mongolia na China. BAM iko kaskazini yake, kwa umbali wa kilomita 600 hadi 700 hivi katika sehemu kubwa ya njia. Zinaunganishwa na matawi kadhaa. Lililo mashuhuri ni lile linaloitwa BAM Ndogo, linalopanda kutoka Bamovskaya kwenye Trans-Siberia hadi Tynda, kisha kuendelea Berkakit na Neryungri.

Tofauti kwa msafiri ni kubwa. Trans-Siberia ina njia mbili, umeme mwanzo hadi mwisho, na miji mikubwa. BAM bado ina sehemu ndefu za njia moja, na upande wa mashariki vichwa vya dizeli ndivyo vinavyovuta. Kinachoonekana dirishani ni msitu, mto, msitu, mlima.

3. Nani aliijenga, na mbona ilichukua miaka mingi hivyo?

Ilijengwa kwa awamu mbili zisizofanana hata kidogo, na si haki kuisimulia ya pili huku ya kwanza ikinyamaziwa.

Awamu ya kwanza ilianza miaka ya 1930 kwa nguvu za wafungwa wa kambi za kazi. Kambi ya Bamlag ilianzishwa mwaka 1932. Kipande cha kutoka Bamovskaya hadi Tynda kiliwekwa reli, lakini mwaka 1942 zikang'olewa na kupelekwa upande wa Stalingrad, kujenga njia ya kusafirishia askari na silaha kandokando ya mto Volga. Kipande cha Komsomolsk hadi Sovetskaya Gavan kilikamilika 1945. Baada ya vita, wafungwa pamoja na mateka wa Kijapani walijenga upande wa Tayshet na Bratsk. Kisha kazi ikasimama.

Awamu ya pili ilitangazwa mwaka 1974 chini ya Leonid Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti. Safari hii walikuja vijana wa kujitolea wa Komsomol, jumuiya ya vijana ya chama cha Kikomunisti, nao askari wa reli wakapewa sehemu ya mashariki ya Tynda. Jamhuri na miji mikubwa ya Kisovieti ilikabidhiwa stesheni za kujenga: Severobaikalsk ilijengwa na watu wa Leningrad, Tynda na watu wa Moscow, Novy Urgal na Waukraine, Kuanda na Wauzbeki. Ndiyo maana stesheni hazifanani. Paa la Severobaikalsk limepinda kama tanga.

Kikosi cha kutandika reli cha Alexander Bondar kutoka magharibi na cha Ivan Varshavsky kutoka mashariki vilikutana Balbukhta, karibu na Kuanda, tarehe 29 Septemba 1984. Matumizi kamili yalitangazwa 1989, ingawa handaki refu kuliko yote lilikuwa bado kwisha. Habari zake ziko swali la 6.

4. Siku hizi inabeba nini?

Makaa ya mawe kwa wingi, kisha mafuta, madini na mbao, karibu yote yakielekea bandari ya Vanino na bandari nyingine za Mashariki ya Mbali. Treni moja ya mizigo inaweza kuwa na uzito wa tani 6,000 hadi 7,100. Njia ya pili inaendelea kuongezwa kipande kwa kipande, pamoja na madaraja mapya sambamba na yale ya zamani. Utaona mitambo na kambi za mafundi mahali pengi, na hilo ni chanzo kimojawapo cha treni kusimama porini bila stesheni kuonekana.

## Ardhi, milima na mahandaki

5. Ardhi iliyoganda daima inaisumbuaje reli?

Hili ndilo swali la msingi kuliko yote kuhusu BAM. Chini ya sehemu kubwa ya njia, udongo umeganda mwaka mzima, kuanzia kina kifupi tu na kushuka makumi ya mita, kwingine mamia. Tabaka la juu pekee huyeyuka wakati wa joto na kuganda tena majira ya baridi. Udongo huo ukibaki umeganda ni mgumu kama zege. Ukiyeyuka, barafu iliyokuwa ndani yake inakuwa maji, udongo unakuwa tope, na tuta la reli linazama.

Shida ni kwamba ujenzi wenyewe huleta joto. Ukikata miti na kuondoa kuvumwani, umeliondoa blanketi lililoikinga ardhi na jua. Ukiweka tuta, maji hutuama pembeni yake, na maji yaliyotuama huyeyusha barafu iliyo chini. Theluji inayorundikana kwenye mteremko wa tuta nayo huzuia baridi isiingie ardhini wakati wa majira ya baridi. Matokeo yake reli huzama upande mmoja zaidi ya mwingine, na treni hulazimika kupunguza mwendo.

Tiba zinazotumika ni hizi. Kwanza, kutandaza mawe makubwa kwenye miteremko ya tuta. Hewa baridi hupenya katikati ya mawe na kuipoza ardhi majira ya baridi, huku mawe hayo hayo yakiikinga na jua wakati wa joto. Pili, mirija ya chuma iliyozibwa pande zote, yenye kimiminika chepesi ndani, husimikwa ardhini huku ncha ya juu ikibaki nje. Hewa ya nje ikiwa baridi kuliko udongo, kimiminika huvukiza chini, mvuke hupanda, hupoa juu, kisha hutiririka kurudi chini ukiwa umeacha joto nje. Wakati wa joto mzunguko husimama wenyewe, kwa hiyo mrija haurudishi joto ardhini. Hauhitaji umeme wala pampu. Tatu, mifereji: maji yasiachwe yasimame karibu na tuta hata kidogo.

Kuna pia tatizo la kinyume chake, la udongo wenye unyevu kuvimba unapoganda na kuinyanyua reli. Mafundi huweka vipande vya kusawazisha kati ya reli na mataruma pande mbili za uvimbe, ili mteremko uwe wa taratibu, kisha huviondoa udongo unapolegea. Kazi hiyo hufanywa kwa mikono, kwenye baridi kali, kila mwaka.

6. Handaki la Severomuysky lina nini cha ajabu?

Lina urefu wa mita 15,343. Kazi ilianza 1977 na handaki likafunguliwa Desemba 2003, yaani miaka 26. Si uzembe uliochelewesha. Mlima huo umepasuliwa na nyufa za kijiolojia, na ndani yake mna maji yenye shinikizo kubwa, mengine ya moto. Mwaka 1979 wachimbaji waliupenya mkondo wa chini ya ardhi chini ya bonde la mto Angarakan. Maji yaliyochanganyika na mchanga na mawe yakaingia kwa nguvu, na watu wakafa. Baada ya hapo kulikuwa na sehemu ambazo hazikuchimbika mpaka zigandishwe kwanza kwa naitrojeni ya kimiminika.

Treni hazikungoja. Zilipitishwa juu ya mlima kwa njia za kuzunguka. Ya kwanza ilikuwa na miinuko ya hadi mita 40 kwa kila mita 1,000, mikali mno kwa treni nzito. Ya pili, iliyokamilika 1989, ina mwinuko wa mita 18 kwa 1,000, mizunguko mingi, na daraja refu lililopinda linaloitwa Daraja la Shetani. Kupita huko kulichukua zaidi ya saa mbili, ilhali handakini ni kama dakika 20. Njia hiyo ya juu bado inatunzwa na kutumika handaki linapozidiwa.

Milango ya handaki ina mageti yanayofunguliwa treni inapofika tu. Yangeachwa wazi, hewa ya baridi ingeingia na kugandisha maji yanayovuja kutani, na barafu ingeziba njia.

7. Kuna mahandaki mengine ya kuyajua?

Handaki la Baikal, lenye kilomita 6.7, lipo magharibi ya Severobaikalsk, na pacha wake alifunguliwa 2021. Kuna manne mafupi kwenye rasi za ziwa, kati ya Severobaikalsk na Nizhneangarsk. Handaki la Kodar lina karibu kilomita mbili.

Dusse-Alin, upande wa mashariki, lina historia nzito. Lilichimbwa na wafungwa katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, likaachwa, likajaa barafu. Askari wa reli waliporudi katika awamu ya pili walilazimika kuitoa barafu hiyo kabla ya kuweka reli. Vipimo vya wafungwa vilikuwa sahihi, na handaki linatumika hadi leo.

8. Baridi huifanya nini reli yenyewe?

Chuma hupungua urefu kwenye baridi. Reli ya mita 25 ikitoka nyuzijoto 35 za kiangazi hadi nyuzi 45 chini ya sifuri, hupungua milimita 24 hivi. Reli zilizochomelewa pamoja hazina nafasi ya kupungua, kwa hiyo hubaki na mvutano mkubwa, na chuma baridi ni rahisi kupasuka. Ndiyo sababu ukaguzi huongezwa majira ya baridi, na treni huamriwa kupunguza mwendo baridi ikizidi.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalitegemei. Mto ukiganda hadi chini, maji yanayoendelea kuja hukosa njia, hupasua juu ya barafu na kumwagika, kisha nayo huganda. Tabaka juu ya tabaka, barafu hupanda hadi kuziba makalvati na kulifikia tuta. Mafundi hukata mitaro ndani ya barafu au kuyapashia makalvati joto ili maji yapite.

9. Kwa nini treni hubadilisha kichwa Taksimo?

Umeme wa kilovolti 25 unatoka Tayshet na kuishia Taksimo. Kuanzia hapo kwenda mashariki ni dizeli. Treni husimama hapo muda mrefu, na ni nafasi nzuri ya kushuka kununua chakula. Hata hivyo soma swali la 20 kabla hujaenda mbali.

## Kupanga safari

10. Kuna treni moja ya kutoka mwanzo hadi mwisho?

Hakuna. Kwa kawaida safari hugawanyika vipande vitatu. Treni zinazotoka Moscow na miji mingine ya magharibi hukufikisha Severobaikalsk au Tynda. Tynda unapanda nyingine hadi Komsomolsk, mwendo wa siku moja na nusu hivi. Komsomolsk unapanda ya tatu hadi Vanino na Sovetskaya Gavan, kama nusu siku.

Kasi ya wastani ni kilomita 50 kwa saa hivi. Tayshet hadi Tynda ni siku mbili, na Severobaikalsk hadi Tynda peke yake ni zaidi ya saa 24. Ukijumlisha, uko ndani ya treni siku nne. Tenga sita au saba ili upate kulala Severobaikalsk na Tynda, kwa kuwa treni za vipande hivi hazisubiriani. Treni nyingine haziendi kila siku, na namba na siku hubadilika kila msimu. Thibitisha kwenye tovuti ya shirika la reli la Urusi.

11. Saa zilizo kwenye tiketi ni za wapi?

Tangu Agosti 2018 ni saa za mahali treni ilipo. Zamani zote zilikuwa za Moscow, na vitabu vya zamani vya mwongozo bado vinasema hivyo. Visikupoteze.

Moscow na Afrika Mashariki ziko kwenye saa moja ileile. Tayshet, Bratsk na Severobaikalsk ziko mbele yetu kwa saa 5, Novaya Chara na Tynda saa 6, Komsomolsk na Vanino saa 7. Tiketi hutumia mtindo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane: 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana, na 02:20 ni saa nane na dakika ishirini usiku. Wengi wamefika stesheni nusu siku baada ya treni kuondoka kwa kuchanganya hizo mbili.

12. Nichukue daraja gani?

Behewa la wazi, lenye vitanda 54, ndilo la bei nafuu. Vitanda vya kando ya ujia ni vifupi, na miguu ya wapita njia itakusumbua. Behewa la vyumba lina vyumba tisa vya watu wanne kila kimoja, na mlango unafungwa. Yapo pia mabehewa ya watu wawili chumbani, ila si kwenye kila treni ya BAM. Kwenye tiketi, П ni behewa la wazi na К ni la vyumba.

Kwa anayesafiri peke yake mara ya kwanza, behewa la wazi lina faida ambayo bei haionyeshi: watu humwangalia mgeni, humgawia chai na humwamsha stesheni yake ikikaribia. Kwa familia, chukua chumba kizima. Namba za vitanda zisizogawanyika kwa mbili ni za chini, zinazogawanyika ni za juu. Mzigo wa bure ni kilo 36 kwa mtu.

13. Nahitaji nyaraka gani, na nalipaje?

Visa ya Urusi, pasipoti, na kadi ya uhamiaji unayopewa mpakani. Itunze kadi hiyo, utaidaiwa wakati wa kutoka. Masharti ya visa kwa Watanzania, Wakenya na majirani yanabadilika, kwa hiyo uliza ubalozi wenyewe. Hoteli hukuandikisha kwa mamlaka. Ukilala kwa mtu binafsi, mwenyeji ndiye mwenye wajibu huo. Jina na namba kwenye tiketi lazima vilingane na pasipoti, la sivyo mhudumu wa behewa hatakupandisha.

Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Beba fedha taslimu na uzibadilishe mji mkubwa, usingoje Taksimo. Tangu vita vya Ukraine vilipopanuka mwaka huo, serikali nyingi zimetoa tahadhari za safari, na baadhi ya bima hazilipi kwa anayekwenda huko. Soma maandishi madogo ya bima yako kabla ya kununua tiketi ya ndege.

14. Nitafikaje huko kutoka Afrika Mashariki?

Ruka hadi Moscow kupitia Addis Ababa, Istanbul au Ghuba. Kisha chagua: treni kutoka Moscow, au ndege hadi Irkutsk au Bratsk. Bratsk iko kwenye BAM yenyewe. Irkutsk ni mji mkubwa, lakini upo mwisho wa kusini wa ziwa, na kwenda Severobaikalsk kwa treni inabidi urudi hadi Tayshet, zaidi ya siku nzima. Ndege ndogo huenda Nizhneangarsk. Anayeanzia mashariki huruka hadi Khabarovsk na kulala kwenye treni usiku mmoja hadi Komsomolsk.

15. Msimu gani ni mzuri?

Septemba, kama unaweza kuchagua. Miti ya larchi, inayotawala misitu hii, hugeuka manjano yote kwa pamoja kabla ya kupukutisha majani yake. Mbu wameisha, njia ni kavu, na baridi bado inavumilika.

Machi ni chaguo la pili: Baikal imeganda, jua lipo, na mchana umerefuka. Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri kwenye bonde la Chara. Juni hadi Agosti kuna joto na mchana wa saa 17, lakini mbu na visubi ni wengi kupita unavyofikiri (malaria haipo), na moshi wa moto wa misitu unaweza kufunika milima siku kadhaa.

## Ndani ya treni

16. Nitakula nini, na je, nitapata chakula halali?

Kila behewa lina tangi la maji ya moto linalofanya kazi saa 24, na safari nzima inategemea hilo. Beba tambi za kuloweka, uji wa shayiri wa papo kwa papo, chai, maziwa ya unga, samaki wa kopo, mkate, karanga, tende. Kikombe na kijiko usisahau. Behewa la mgahawa halipo kwenye treni zote, hasa kipande cha Tynda hadi Komsomolsk, kwa hiyo beba chakula cha siku mbili.

Nyama halali usiitegemee popote njiani. Samaki, mayai, viazi na maandazi ya kabichi huuzwa stesheni kubwa. Uliza kama kuna nyama ya nguruwe ndani ya maandazi, kwa sababu kwa macho hayatofautiani. Anayefunga katika miezi ya joto ajue kwamba jua huchwa kuchelewa sana.

17. Choo na kuoga vikoje?

Mabehewa mapya yana vyoo vya tangi vinavyotumika muda wote. Ya zamani hufungwa kabla ya stesheni kubwa na kufunguliwa baada ya kuondoka. Ratiba hubandikwa mlangoni, isome mapema, kwa kuwa Taksimo au Tynda inaweza kumaanisha zaidi ya saa moja bila choo. Bafu ni nadra. Sigara zimepigwa marufuku ndani ya treni na kwenye jukwaa.

Joto ndani hufika nyuzi 25 hata nje kukiwa na 40 chini ya sifuri. Vaa nguo nyepesi ndani, na nzito uiweke karibu na mlango, si chini ya mizigo.

18. Nikae upande gani nione milima na ziwa?

Ukielekea mashariki, Baikal iko kulia, na unaiona kwa kipande kifupi tu, cha Severobaikalsk hadi Nizhneangarsk. Ziwa hili ndilo lenye kina kirefu kuliko yote duniani, mita 1,642. Tanganyika yetu ni la pili, mita 1,470, na yote mawili yamekaa kwenye nyufa za ardhi zinazopanuka. Matetemeko ya eneo hili yanatokana na mpasuko huo.

Milima ya Kodar iko kushoto unapokaribia Novaya Chara. Kilele chake kirefu, mita 3,072, kinaitwa BAM. Linganisha ratiba na saa za mchana. Ukipita Kodar usiku, sehemu nzuri kuliko zote imekuponyoka. Afadhali ushuke Severobaikalsk na kupanda treni ya saa nyingine.

## Mambo ya pembeni

19. Nikitaka kushuka katikati ya njia, nishuke wapi?

Severobaikalsk, kwa ziwa, jumba la makumbusho la BAM na chemchemi za maji moto za Goudzhekit, ambako kuna stesheni. Novaya Chara kwa wanaopenda milima: karibu na hapo kuna Mchanga wa Chara, jangwa dogo la vilima vya mchanga katikati ya msitu na vinamasi, lenye urefu wa kilomita 10 hivi. Ni lazima kuvuka maji, kwa hiyo chukua mwenyeji mwenye gari lililoinuka juu. Tynda inatosha usiku mmoja.

20. Treni ikiniacha stesheni nifanye nini?

Nenda mara moja kwa mkuu wa zamu wa stesheni ukiwa na pasipoti. Atapiga simu treni iliyo mbele, mizigo yako ishushwe stesheni inayofuata. Ndiyo maana pasipoti, fedha, simu na koti vinashuka nawe kila mara, hata ukienda kununua mkate tu. Muda wa kusimama umebandikwa kwenye behewa, lakini treni iliyochelewa hufupisha vituo, kwa hiyo muulize mhudumu kabla ya kushuka.

21. Naruhusiwa kupiga picha?

Mandhari na stesheni kutoka ndani ya treni, kwa kawaida hakuna shida. Madaraja makubwa, milango ya mahandaki na walinzi wake, usipige, na ukiambiwa ufute, futa. Miundombinu hii ina ulinzi wa silaha, na siku hizi hakuna mzaha.

22. Kupe wa msituni ni hatari kweli?

Ndiyo, hasa Mei hadi Julai. Wanaeneza homa ya ubongo inayosababishwa na virusi. Chanjo ipo: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, ya tatu miezi 5 hadi 12 baadaye. Ianze majira ya baridi kabla ya safari. Anayebaki ndani ya treni na mijini hana hofu kubwa. Anayeingia msituni avae suruali iliyochomekwa kwenye soksi na ajikague kila baada ya saa chache.

23. Naweza kuendelea hadi Yakutsk?

Karibu. Kutoka Tynda reli huenda kaskazini kupitia Neryungri hadi Nizhny Bestyakh, na abiria hufika huko tangu 2019. Stesheni hiyo iko ng'ambo ya mto Lena, na daraja halijakamilika. Majira ya joto unavuka kwa kivuko, majira ya baridi kwa gari juu ya barafu. Wakati barafu inafungika au kuvunjika, wiki kadhaa za masika na vuli, kuvuka ni kwa vyombo maalumu tu au haiwezekani. Usipange safari yako iangukie hapo.

24. Na kisiwa cha Sakhalin?

Kivuko cha Vanino hadi Kholmsk hubeba mabehewa ya mizigo, malori na abiria wachache. Hakiondoki kwa ratiba ya saa: hungoja mizigo ipakiwe na bahari itulie, na dhoruba za vuli huweza kukizuia siku kadhaa. Reli za kusini mwa kisiwa zilijengwa na Wajapani kwa upana wa milimita 1,067, sawa na TAZARA, kisha zikapanuliwa kuwa 1,520. Tiketi ya ndege ya kutoka Yuzhno-Sakhalinsk usiikate kabla ya kivuko kuwasili. Ukikwama Vanino, chukua chumba karibu na stesheni na upige simu ofisi ya kivuko kila asubuhi.